Maafishi ya daktari Sachs: mali yenye ilibebwa wakati wa vita ni ya nani?

Mu mwaka wa 2012, tribinali kubwa ya Ujerumani yenye iko Karlsruhe ilikata maneno juu ya makaratasi. Yalikuwa maafishi ya zamani, zaidi ya 4,000: ya biashara, ya sinema, ya siasa, na ya vita vya kwanza vya dunia. Gestapo, polisi ya siri ya Hitler, iliyabeba mu Berlin mwaka wa 1938. Mwenye kuyadai kisha miaka 74 hakuwa tena yule aliyeyakusanya. Alikuwa mtoto wake.

Hans Sachs alikuwa daktari wa meno, Myahudi. Alianza kukusanya maafishi angali kijana. Mwaka wa 1905 alikuwa kati ya wale walioanzisha chama cha wapenda-afishi, na kuanzia 1910 alitoa jarida lenye jina Das Plakat. Wakati walipokuja kumunyanganya, mukusanyo wake ulikuwa umefika maafishi karibu 12,500. Si kazi ndogo. Afishi ni kitu cha kubandika leo na kupasuliwa kesho. Mvua ikinyesha, basi imekwisha. Ile yenye imeokoka, kuko mtu aliyeitunza.

Maafishi ya vita yana kisa chao. Mu miaka ya 1914 mpaka 1918 watu hawakuwa na radio mu manyumba. Serikali ikitaka maaskari, ikitaka franga za vita, ukuta njo ulisema. Mu Uingereza walibandika uso wa Lord Kitchener, waziri wa vita, ananyoosha kidole. Mu Marekani, mwaka wa 1917, mchoraji James Montgomery Flagg alifanya vile vile na muzee mwenye kofia ndefu, Uncle Sam. Walichapa zaidi ya milioni 4. Kidole ni kile kile: weye, unangoja nini? Mabuti mu matope, mikono yenye kukatika, ile ukuta haukuionyesha.

Ndiyo sababu kukusanya vitu hivi si mchezo tu wa watu wenye pesa. Anayetunza afishi ya vita anatunza uongo pamoja na tarehe yake. Alfred Wiener, Myahudi mwengine wa Ujerumani, alikimbia mwaka wa 1933 akaanza kukusanya maandiko ya Wanazi wenyewe, kwanza Amsterdam, kisha London. Vita vilipokwisha, makaratasi yake yalisaidia kwa kuwasambisha wakubwa wa Nazi kule Nuremberg. Karibu zaidi na sisi, kule Arusha, kaseti za radio RTLM na magazeti ya Kangura vilitumiwa kama ushahidi, na hukumu ikatoka mwaka wa 2003. Kama hakuna mtu aliyetunza zile kaseti, wale waliosema wangekana, na nani angewapinga?

Turudi kwa daktari. Maafishi yake yalibebwa kwa amri ya wizara ya propaganda ya Joseph Goebbels. Watu wenye kazi yao ilikuwa kudanganya kwa picha walijua vizuri bei ya picha. Mu mwezi wa 11 mwaka ule ule wakamukamata yeye mwenyewe, wakamupeleka kambi ya Sachsenhausen. Alipoachiliwa akakimbia na bibi yake na mtoto mdogo, wakafika Marekani.

Kisha vita, kila mtu aliamini kama maafishi yalipotea. Mwaka wa 1961 Ujerumani ya Magharibi ikamulipa malipo ya hasara, karibu mark 225,000. Akapokea. Halafu mwaka wa 1966 akasikia kama sehemu moja iko nzima, mu museo moja ya Berlin ya Mashariki, upande mwengine wa ukuta. Aliandika barua, hakupata kitu. Akafa mwaka wa 1974.

Hapo njo shida ya kweli ilianzia. Ukuta ulipoanguka, inchi mbili zikawa moja, na maafishi yakaingia mu mikono ya Museo ya Historia ya Ujerumani. Serikali ilitoa muda wa kudai mali iliyonyanganywa na Wanazi upande wa Mashariki. Muda ukapita. Peter Sachs, yule mtoto, sasa rubani wa ndege mwenye alikwisha pata pansheni, hakujua kama maafishi ya baba yake yangali. Alikuja kujua mwaka wa 2005 tu. Museo ikajibu: baba yako alilipwa, na muda umekwisha. Mu 2007 tume ya washauri ilikubaliana na museo. Mu 2009 tribinali ya Berlin ilisema Peter ni mwenye mali. Mwaka uliofuata tribinali ya juu yake ikasema ndiyo, ni mwenye mali, lakini hawezi kudai arudishiwe. Mwenye mali asiyeweza kugusa mali yake! Karlsruhe njo ilikata neno hilo: kukatalia mwenyewe mali yake ni kuendelesha uonevu wa Wanazi. Museo irudishe.

Si wote walifurahi. Mwanzoni mwa mwaka wa 2013 maafishi yalianza kuuzwa kwa mnada New York, na mukusanyo uliojengwa maisha mazima ukatawanyika kwa wanunuzi. Kuna wenye kusema afazali ungebaki pamoja, mu museo. Hoja hiyo ina uzito, lakini wenye kuitoa wasahau kidogo: kwa miaka mingi mengi ya maafishi hayo yalilala mu depo, watu hawakuyaona. Na tena, mwizi hawezi kutumia uzuri wa kabati lake kama sababu ya kubakia na kitu.

Hapa Kongo mazungumzo ya namna hiyo yangali mapya. Mu mwezi wa 2 mwaka wa 2022 Ubelgiji ilimupa waziri wa kwanza Sama Lukonde liste ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyo mu museo ya Tervuren, na mwaka ule ule ikaweka sheria ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni. Lakini sheria ile inasemezana na leta, haisemezani na jamaa wala kijiji. Peter Sachs alikwenda mbele ya hakimu peke yake na avoka wake. Mjukuu wa chifu aliyebebewa kiti chake hana mlango huo.

Na kuko muda. Sheria yetu ya udongo ya mwaka wa 1973 iliweka kama sertifika ya kuandikisha parsele, ikipita miaka 2, haiwezi tena kupingwa. Muda huo ulipangwa kwa mtu mwenye anakaa fasi yake, anaona jirani akipima udongo, anakwenda kulalamika kesho yake. Mu Masisi, mu Rutshuru, mu Djugu, kuko watu wenye walitoka kwao na watoto mgongoni, wakamaliza miaka 2 chini ya hema, wakamaliza na mingine.