Kuhangaika Kwetu Si Upungufu wa Imani



Dada zetu, ninyi mko huko visiwani. Sisi tunawaandikia kutoka Hamugembe, Bukoba, pembe nyingine kabisa ya nchi, ambako bahari yetu ni ziwa. Tuko sita. Tulisoma madrasa moja tukiwa wadogo, na hadi leo tunakutana Ijumaa jioni, tunakunywa chai, tunakumbushana, tunacheka. Wote tuna miaka kati ya 27 na 29. Mama zetu wakitaka kukumbuka umri wetu huhesabu kuanzia mwaka ilipozama MV Bukoba, 1996. "Huyu alikuwa tumboni." "Huyu alizaliwa mwaka uliofuata."

Ijumaa moja mwenzetu aliweka kikombe chini akasema, "Jamani, mimi sijui ninaelekea wapi." Tukanyamaza. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu alikuwa ametusemea sote.

Hebu tuwaambie tulivyo. Mmoja alimaliza chuo miaka mitano iliyopita, ametuma maombi ya kazi hadi amechoka, sasa ni wakala wa kutuma na kupokea fedha. Mmoja ana kazi na mshahara, lakini kila Jumapili usiku roho inamwuma akifikiria kesho. Mmoja ameachika, amerudi kwa wazazi na mtoto. Mmoja ameolewa vizuri, mume mwema, watoto wawili, na bado hujiuliza akiwa peke yake jikoni: ndiyo hivi tu? Mmoja ameitiwa kazi za ndani Oman. Na yule wa kikombe ameletewa posa na mtu ambaye hana ubaya wowote anaoujua, isipokuwa hamjui. Wazee wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Angalieni hapo, dada zetu. Mwenye ndoa anahangaika, na asiye nayo anahangaika. Mwenye mshahara anahangaika, na asiye nao pia. Kwa hiyo wale wanaotuambia "olewa utatulia" au "pata kazi utatulia" wanatupa dawa bila kuuliza ugonjwa.

Lakini jibu lililotuuma zaidi ni la mama mmoja tunayemheshimu sana. Alimwambia mwenzetu, "Mwanangu, huo ni upungufu wa imani. Zidisha uradi, kaa usubiri." Kuzidisha uradi tunakukubali kwa mikono miwili. Hilo la kukaa ndilo tunaloomba ruhusa kulipinga, kwa adabu.

Tumkumbuke Bi Hajar. Aliachwa na mtoto mchanga kwenye bonde lisilo na kisima. Alimwuliza Nabii Ibrahim kama hiyo ni amri ya Mwenyezi Mungu, akajibiwa ndiyo, naye akasema basi Mungu hatatupoteza. Kuna imani iliyo kubwa kuliko hiyo? Na bado, maji yalipokwisha na mtoto akaanza kulia, mwanamke huyo hakukaa. Alipanda Safa akatazama, akashuka, akakimbia, akapanda Marwa akatazama. Mara saba. Hakujua maji yatatoka wapi. Na yalipotoka hayakutoka Safa wala Marwa, yalitoka pale alipokuwa mtoto wake.

Kisha Mwenyezi Mungu akaifanya mbio ile kuwa ibada. Kila anayehiji au kufanya umra, mwanamume au mwanamke, tajiri au maskini, hupita njia alizopita mama huyu aliyekuwa hajui la kufanya. Sasa nani atatuambia kwamba kuhangaika ni kukosa imani? Alikuwa na imani kamili na miguu isiyotulia, vyote kwa pamoja.

Ila tuwe wakweli. Kuhangaika kwetu si kwa aina moja. Tulipokaa tukatenganisha, tuliona kuna kwa aina mbili.

Ya kwanza ni ya kalenda za watu. Unafungua stetasi asubuhi, fulani amevalishwa pete, fulani amejenga, fulani yuko Dubai. Kabla hujanawa uso umeshajiona umechelewa. Umechelewa wapi? Sera ya vijana ya nchi hii ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Serikali inatuita vijana, mtaa unatuita wazee. Na huku kwetu kuna jambo jingine: Wahaya tunataniwa "nshomile", yaani watu wa "nimesoma". Utani huo ni mtamu ukiwa na kazi. Ukiwa na cheti kabatini na kibanda cha uwakala barabarani, unachoma.

Kwa ugonjwa huu tunajikumbusha habari ya Bi Khadija. Simulizi mashuhuri inasema aliolewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa na miaka 40. Ipo nyingine inayosema 28. Umri wake una hitilafu hadi leo, lakini hakuna anayetofautiana kwamba alikuwa mfanyabiashara mwaminifu, kwamba alikuwa wa kwanza kuamini, na kwamba mali yake na faraja yake vilimsimamia Mtume siku ngumu. Miaka yake hatuna hakika nayo. Alichokifanya tunakijua.

Aina ya pili si ya stetasi. Ni ya kukosa kitu cha kweli, na hii haiponi kwa kuzima simu.

Kwa mfano, ardhi. Binti wa huku hukua akijua kwamba kibanja ni cha ukoo, na ukoo unaendelea kwa kaka zake. Kwa baba ni mpitaji, kwa mume ni mgeni. Akiachika, anarudi chumba alichoachiwa kwa huruma. Mtu wa namna hiyo akifika miaka 28 akasema hajui anakoelekea, hajapungukiwa imani. Hana pa kukanyaga. Jirani zetu wa Muleba wanaikumbuka kesi ya Bi Holaria Pastory. Alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988, akiwa ameshazeeka na hana wa kumtunza, akaliuza. Jamaa wa ukoo wake akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Sheria ilisema hivyo kabla hatujazaliwa, na Qur'ani ilikuwa imeshampa binti fungu lake karne nyingi nyuma. Ni wangapi kati yetu tumewahi kumwuliza baba, kwa heshima, fungu letu liko wapi? Katika sita sisi, hakuna hata mmoja. Tunaona haya. Kuulizia mume hatuoni haya, kuulizia mgomba mmoja tunaona haya!

Jambo jingine la kweli ni woga tuliobaki nao. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitikisika. Mahujaji walikuwa ndiyo wanaianza hija. Hamugembe ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Tulikuwa na miaka 18, 19, 20, umri wa kupanga maisha, na tulilala nje tukitazama kuta zenye nyufa. Hata Sekondari ya Ihungo, iliyosimama miaka mingi, ilibidi ijengwe upya. Tangu siku hiyo wengine wetu hatuamini sana mipango mirefu. Hatukuwahi kulisema hili hadi Ijumaa ile.

Lakini siku hizo tuliona pia jambo ambalo sasa linatusaidia. Wazee wetu hawakungoja wajue nyumba nzima itakamilika lini. Walisimamisha chumba kimoja, wakahamia, wakaongeza cha pili. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilirudi hivyo.

Basi ushauri wetu, dada, ndio huo: usitafute maisha yote kwa mara moja, jenga chumba kimoja. Mwenzetu wa uwakala amejiunga na wanawake wengine wanaojipanga kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo wanawake wametengewa 4. Aliyeitiwa Oman tumemwambia asikatae wala asikubali kabla hajaujua mkataba, jina la wakala na sheria ya kuondoka kama mambo yakiharibika. Aliyeolewa ameanza kujifunza ushonaji siku mbili kwa wiki, na mumewe ndiye anayebaki na watoto. Aliyeachika ameahidi kuzungumza na baba yake.

Na posa? Mwenzetu alikuwa anaswali istikhara kila usiku na kungoja ndoto. Ndoto haikuja, akazidi kuogopa. Ustadhi mmoja akamwelewesha kwamba istikhara haina sharti la ndoto. Unaswali rakaa mbili, unaomba heri, kisha unatafuta habari, unashauriana, unapiga hatua, na Mungu ndiye anayefungua au kufunga. Basi amemtuma mjomba wake na maswali manne: tutaishi wapi, naruhusiwa kufanya kazi, una mke mwingine, una madeni? Shangazi mmoja amekasirika, anasema msichana mzuri haulizi hivyo. Sisi tunasema Bi Hajar aliuliza swali lake kwanza, ndipo akaridhika.

Majibu bado hayajaja. Mwisho wa mwezi unakaribia, naye bado hana usingizi. Hatukumwambia atulie. Tulimwambia, "Ukichoka kupanda Marwa, tupo, tutakushika mkono."

Na wewe unayesoma, ukiwa na dada au binti wa miaka 28 asiyetulia, kabla hujamwambia aolewe au asubiri, mwulize: unakosa nini hasa? Huenda hajawahi kuulizwa.

Tuombeeni, nasi tunawaombea. Wassalaam.