Wasiwasi wa mfanyabiashara si kosa la forodha

Mama anayevuka Busia na magunia yake ya dagaa hukaguliwa mara mbili: kwanza uso, kisha mzigo. Akitembea harakaharaka, akiangalia chini au akijibu kwa kusitasita, huenda akaambiwa akae pembeni. Mwenzake mwenye mzigo kama wake, aliyezoea kutaniana na walinzi wa geti, keshapita. Akiuliza kosa lake, jibu huwa fupi: "Ulionekana una wasiwasi."

Wasiwasi si kosa la forodha, na peke yake haupaswi kuwa sababu ya kumfungulia mtu magunia. Silisemi hili kwa huruma tu. Utafiti wa miaka mingi kuhusu namna binadamu anavyotazama matendo ya wenzake unaelekea hukohuko.

Jicho letu lina uwezo mkubwa. Mwaka 1973, mwanasaikolojia Gunnar Johansson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, alichapisha majaribio ambayo watu walifungwa alama za kung'aa kwenye viungo vya mwili, kisha wakapigwa picha gizani ili zionekane alama hizo peke yake. Zikiwa zimetulia, watazamaji waliona vidoa visivyo na maana. Zilipoanza kusogea, walitambua papo hapo kuwa ni mtu anatembea. Mwaka 1977, James Cutting na Lynn Kozlowski wa Marekani walionyesha kuwa watu waliweza hata kumtambua rafiki yao kwa mwendo wa vidoa hivyo, kwa kiwango kinachozidi kubahatisha.

Lakini kuona tendo ni jambo moja, kujua nia ni jingine. Mwaka 2006, Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti zilizowahusisha watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kusema nani anadanganya na nani anasema kweli. Kwa wastani walipatia asilimia 54, wakati anayerusha sarafu hupatia 50. Waliofanya kazi hiyo kwa taaluma hawakuwazidi watu wa kawaida.

Marekani ililipia somo hili kwa gharama kubwa. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo iliwaweka maofisa kwenye viwanja vya ndege wasome tabia za abiria. Mwaka 2013, ofisi ya ukaguzi inayolihudumia Bunge lao ilieleza kuwa mpango huo ulikuwa umetumia takriban dola milioni 900 tangu 2007 bila ushahidi wa kutosha kwamba unafanya kazi, ikashauri fedha zake zipunguzwe.

Wapo watakaosema magendo yapo na ofisa mzoefu ana jicho lake. Magendo yapo, kweli. Basi jicho hilo litazame linachokiweza: lakiri iliyokatwa, lori lililozidi uzito, gunia lisilolingana na karatasi. Hayo ni matendo na vitu. Kuangalia chini mbele ya mkubwa, kwa wengi wetu, ni adabu. Mikono hutetemeka pia kwa kukosa usingizi, au kwa hofu ya mtaji wote kuozea juani.

Kuna hasara nyingine. Mwaka 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris, wakiwa Harvard, waliwaomba watu wahesabu pasi za mpira kwenye video. Karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akikatiza katikati ya wachezaji. Ofisa aliyemkazia macho mama mwenye wasiwasi anaweza naye kupitwa na lori zima la magendo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina njia iliyo bora. Utaratibu rahisi wa biashara unamruhusu mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, apate cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hapohapo mpakani na asitozwe ushuru wa forodha. Utaratibu huo hauulizi mtu anatembeaje.

Kwa hiyo vituo vya mipakani, kuanzia Namanga hadi Rusumo, viweke kanuni moja nyepesi: kila anayezuiwa aandikiwe sababu, na sababu hiyo iwe tendo au kitu kilichoonekana, siyo "alionekana." Viongozi wakiisoma daftari hiyo kila mwezi, watajua nani anakamata magendo na nani anakamata nyuso.

Nawe mfanyabiashara, fanya sehemu yako. Chukua cheti, pamoja na vibali vya afya kwa vyakula na mazao, dai stakabadhi kwa kila shilingi au faranga unayolipa, na ukizuiwa uliza kwa heshima: "Ofisa, umeona nini?" Ni swali la haki, na linastahili jibu la maandishi.