Shampeni yetu isimkimbize nyanya

Wasee, leo tuongee kuhusu ile chupa. Mnaijua. Shingo ndefu, karatasi ya dhahabu, kizibo kinaruka pap! na simu zote ziko juu zinarekodi. Siku hizi bila hiyo chupa ni kama sherehe haijafanyika.

Januari, matokeo ya KCSE yalipotoka, binamu yangu alipata B plain. Kwetu Mbwajumali hiyo si habari ndogo. Sisi vijana tukachanga, tukaagiza chupa mbili kutoka Lamu mjini. Ilikuwa juisi ya zabibu yenye gesi tu, haina pombe, imeandikwa hivyo mbele. Lakini hebu fikiria safari yake: boti hadi Mtangawanda, halafu bodaboda mpaka nyumbani. Kufika, imetikiswa kuliko kibuyu cha maziwa. Jamaa mmoja akafungua ule waya, kizibo kikapita juu ya kichwa cha nyanya kikagonga boriti, povu likamwagikia mkeka. Nyanya akainuka, akavuta buibui lake.

"Mwanwa tembo mbele yangu?"

Akaenda zake. Wazee wawili wakamfuata. Dua ya kumwombea binamu, ambayo ndiyo iliyowaleta pale, haikusomwa usiku ule. Binamu alitabasamu kwenye video. Video ilipozimwa, akakaa nje peke yake.

Kwenye grupu yetu watu walianza, oh, nyanya ni wa zamani, angesoma tu lebo. Mimi nakataa. Ile chupa imetengenezwa ifanane na pombe, na sisi tuliinunua kwa sababu inafanana na pombe. Kama ni juisi tu tulitaka, si tungenunua juisi? Huwezi kuvaa magwanda ya polisi halafu ukasirike watu wakikukimbia.

Na kitu tulichokuwa tunatafuta ni nini? Bahati njema. Hata huko Ulaya wanagonganisha glasi mwaka mpya wakitakiana heri. Sisi heri yetu ina wenyewe: wazee wakiinua mikono, ubani ukifuka, mrashi ukipita kunyunyiza marashi. Kinywaji kinachowatoa hao nyumbani kimekula hasara, hata kama kina views elfu kumi.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi tukae tunywe maji ya jabia. Mimi shoo naipenda! Kwa hivyo nikaenda kuchimba hiyo kokteli ya shampeni inatengenezwaje, nikakuta ni kitu rahisi ajabu. Ilishaandikwa kwenye kitabu cha Jerry Thomas kilichotoka New York mwaka 1862. Siku hizi wanaweka kipande cha sukari kwenye glasi, wanakidondoshea matone ya dawa chungu iitwayo bitters, brandi kidogo, halafu wanajaza shampeni. Uchawi wote uko kwenye sukari. Kipande kina vinyweleo na mikwaruzo, gesi inashika pale, na vitone vinapanda juu mfululizo mpaka glasi inaisha. Hiyo ni fizikia, pombe haihusiki. Soda yoyote inaweza.

Hapa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi mnaofuata mapishi ya "bila pombe" mtandaoni. Mengi yanakwambia ongeza matone ya Angostura, kana kwamba ni vanila. Yakhe, Angostura ina pombe asilimia 44.7. Kichupa kidogo, lakini ni pombe. Usimpe mtu glasi kama hiyo ukamwambia ni halali.

Yangu naifanya hivi. Kijipande cha sukari guru, kama ncha ya kidole gumba. Nakikamulia ndimu, nakipaka tangawizi iliyotwangwa na iliki kidogo sana. Huo ndio uchungu na ukali wetu badala ya bitters. Kinakaa chini ya glasi ndefu. Juu yake maji ya dafu baridi, robo ya glasi. Halafu Stoney iliyolala kwenye friza la jirani, unaimimina polepole ubavuni mwa glasi iliyoinamishwa, la sivyo itafurika. Barafu usiweke, inapoteza gesi na kuzimua ladha. Guru ikianza kuyeyuka, vitone vinapanda na rangi ya dhahabu inatokea yenyewe. Kwenye kamera? Mashallah. Chupa moja kubwa ya Stoney na madafu mawili yanawatosha watu wanane, na hakuna kizibo cha kumtoboa mtu jicho.

Mtasema haina ule mlio wa pap. Ni kweli, na mimi naukosa pia. Tukapigia vigelegele, vikasikika vizuri tu.

Maana tulirudia sherehe. Wiki mbili baadaye, baada ya Isha, nikaenda mwenyewe kumwomba nyanya radhi, nikamwonyesha kila kitu kabla hakijaingia kwenye glasi: ndimu hii, dafu hili, guru hii. Akanusa. Akaja. Dua ikasomwa kwanza, simu zikiwa mifukoni, binamu ameinamisha kichwa mbele yao. Glasi zikafuata baadaye.

Nyanya alimaliza yake, akaniita pembeni. Akasema nyingine nimtilie, ila hiyo guru nipunguze, ana sukari.