Matokeo ya mjukuu yapelekwe lini?



Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee wetu mmoja alibaki ofisini akiwa na simu mkononi. Binti yake anaishi na familia yake Columbus, Ohio, nchini Marekani, na mjukuu yuko mwaka mmoja kabla ya kumaliza sekondari. Mwezi Mei kijana alifanya mitihani miwili ya AP, yaani ya masomo ya ngazi ya chuo yanayosomeshwa sekondari. Matokeo yametoka Julai: historia 4, kemia 2, na alama ya juu kabisa ni 5. Baba anataka yapelekwe vyuoni leo hii. Mama anasema kemia ifichwe. "Katibu," mzee akaniuliza, "nimuunge mkono nani?"

Nilimwambia asimuunge mkono yeyote kwa sasa.

College Board, taasisi inayosimamia mitihani hiyo, humpa mtahiniwa nafasi ya kupeleka ripoti bure kwa chuo kimoja kila mwaka anaofanya mtihani, mradi akichague kufikia tarehe 20 Juni. Tarehe hiyo hupita kabla ya matokeo kutoka. Anayeitumia mapema hivyo hupeleka mbuzi ndani ya gunia, tena kwa chuo ambacho huenda asikiombe kabisa. Baada ya hapo kila ripoti ni dola 15, na haja yenyewe kwa kawaida haipo, kwani vyuo vingi humwachia mwombaji aandike alama zake mwenyewe kwenye fomu. Vichache vinavyotaka ripoti rasmi mapema hutamka hivyo katika masharti yao.

Wakati wake hasa ni mwaka wa mwisho, kijana akiwa ameshachagua chuo atakachosoma. Akifanya mtihani hata mmoja wa AP mwaka huo, ripoti ya bure hubeba pamoja na matokeo ya miaka iliyotangulia. Hapo ndipo wengi huzembea, wakidhani kukubaliwa ndiyo mwisho wa safari. Chuo hakimhesabii mwanafunzi somo kwa alama alizojiandikia. Hutaka ripoti rasmi. Vyuo vingi hukubali 3, vingine hudai 4 au 5, na somo likihesabiwa huenda asililipie tena. Kwa familia inayokimbia mikopo ya riba, na mikopo ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi ina riba, somo moja lililopungua si jambo dogo.

Kuhusu kemia, nilitofautisha. Pale fomu inapomruhusu mwombaji kuchagua alama za kutaja, kunyamazia ile 2 si uongo. Ila kuiandika 4 ni ghishi, na ripoti rasmi ikifika itamuumbua, hata nafasi yake ikaweza kufutwa. Ile 2 ikifika chuoni akiwa ameshapokewa, kwa kawaida atakachokosa ni kuhesabiwa somo hilo tu. (Mama na afahamu pia kwamba daktari wa kesho anaweza kuanza na 2 ya kemia.)

Mzee aliandika "20 Juni mwakani" nyuma ya risiti ya mchango wa zulia, akampigia binti yake palepale. Kule ilikuwa asubuhi mapema, na aliyepokea simu ni mjukuu mwenyewe.