ASKARI NA KIWANJA CHAKE

Kazi ya uaskari ina mwisho wake. Bunduki hurudishwa ghalani, magwanda huvuliwa, na chumba cha kambini hupewa mwingine. Swali linalobaki ni moja tu: aliyeilinda nyumba ya taifa kwa miaka ishirini au thelathini, atakwenda kulala wapi?

Swali hili linawahusu sana ndugu zetu askari wa jeshi na polisi walioko Arua na Koboko, na wale wazaliwa wa huko wanaotumikia mbali. Ardhi ya West Nile sasa inatafutwa. Arua ilipandishwa cheo kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Barabara ya lami inatoka Vurra, inapita Arua na Koboko, mpaka Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Mwaka 2024 mkoa huu, ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme wake wenyewe mdogo, uliunganishwa na umeme wa taifa. Penye njia na taa, watu hujenga; na penye wajenzi, hapakosekani madalali.

Jambo hili ni la kufurahisha, kwa kuwa tunakumbuka hali ilivyokuwa. Vita vya mwaka 1979 na mapigano yaliyoanza Oktoba 1980 viliwafanya wananchi wengi wa Arua na Koboko wakimbilie Sudan na Zaire. Vijiji vilibaki magofu. Watu walianza kurudi kwa wingi mnamo mwaka 1986, lakini risasi hazikunyamaza kabisa. Ni baada ya mkataba wa amani kati ya Serikali na UNRF II, uliotiwa sahihi Yumbe tarehe 24 Desemba 2002, ndipo mtu alipoweza kuweka tofali juu ya tofali bila kusikiliza nyuma yake.

Lakini historia hiyo hiyo ndiyo inayomtaka mnunuzi awe macho. Katika nchi iliyokimbiwa na watu wake, anayeonekana leo juu ya kiwanja si lazima awe ndiye mwenyewe. Huenda mwenyewe alifia uhamishoni akaacha watoto. Huenda alirudi akakaa kwa jamaa zake akingoja haki yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Basi kabla ya kuhesabu fedha, mnunuzi aulize: ni nani alikaa hapa kabla ya 1979, na wako wapi warithi wake?

Pili, ni lazima ajue ni ardhi ya namna gani. Amri ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote ya Uganda kuwa mali ya umma. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha mikononi mwa wananchi. Nje ya miji, sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile ni ya kimila. Ardhi hiyo haiuzwi na kijana mmoja mwenye shida ya fedha. Wazee wa ukoo, majirani wa mipakani na mwenyekiti wa baraza la kijiji hawana budi kuitwa, mipaka itembelewe kwa miguu mchana, na kila mmoja atie sahihi. Mjini, mara nyingi kiwanja hushikwa kwa mkataba wa miaka maalum. Mkataba wa miaka 49 ulioanza mwaka 1975 ulikwisha mwaka 2024. Anayeuziwa karatasi ya namna hiyo anauziwa kumbukumbu, wala si kiwanja. Kwa hiyo hati yoyote ipelekwe kwanza kuchunguzwa katika ofisi ya ardhi, na mpima ardhi ahakikishe kwamba mawe ya mipaka yanalingana na ramani.

Tatu, sheria haitambui haya ya kuogopa kuandikiana. Mapatano ya mali inayozidi shilingi 500,000 yanatakiwa kuandikwa. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza mume au mke kuuza ardhi ambayo jamaa yake inakaa na kupata riziki yake, bila ridhaa ya mwenzake. Mauzo ya namna hiyo ni batili. Askari anayekataa kumwita mke wa muuzaji kwa sababu ana haraka anajitafutia kesi. Na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Tunajua ugumu wa askari. Tangu mwaka 2007 vijana wetu wamekuwa wakitumikia Somalia, na wengi hutuma fedha nyumbani ili ndugu awanunulie ardhi. Fedha hizo zimepatikana kwa hatari ya maisha. Zisitumwe kwa simu kumfikia dalali asiyejulikana, wala hati zisiandikwe kwa jina la aliyetumwa. Mwenye kusafiri aache idhini ya maandishi mbele ya wakili, na mkewe aijue habari yote. Anayetaka mkopo aanzie katika vyama vya akiba na mikopo vya askari wenyewe, yaani Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, na akope kiasi ambacho mshahara wake utaweza kukilipa huku watoto wakiendelea kusoma.

Wako pia wanaotaka kujenga nyumba za kupangisha. Wafanye hivyo kwa hesabu. Vita vya Sudan Kusini vya Desemba 2013 na Julai 2016 viliwaleta wageni wengi katika mkoa huu, na wapangaji waliongezeka. Lakini kila mkimbizi huomba siku ya kurudi kwao. Nyumba ijengwe ili mwenye nyumba mwenyewe aweze kuikalia, hata mpangaji akiondoka.

Mwisho, tunasema neno ambalo askari mwema hatalichukia. Magwanda hayashushi bei ya kiwanja. Askari akienda kwa mjane na bastola kiunoni kuzungumza habari ya ardhi, huyo hakununua, amenyang'anya, hata kama fedha zimehesabiwa mezani. Vivyo hivyo polisi aliyeitwa kuamua ugomvi wa mpaka asiwe mnunuzi wa kiwanja hicho hicho. Watu wa West Nile wamekwisha kupoteza nyumba zao mara moja mbele ya watu wenye silaha. Askari anayelipa bei ya haki, mchana, mbele ya mashahidi, atakapostaafu atawakuta majirani zake wakimngojea kama ndugu. Hao ndio ukuta wa kwanza wa nyumba yake.