Sifuri ya Bisie, kisanduku kitupu cha Rubaya

Tarehe 13 Machi 2025, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi kwenye mgodi wake wa bati wa Bisie, wilayani Walikale, maana M23 walikuwa wanasogea. Mpaka 9 Aprili ilipotangaza kuanza tena pole pole, hesabu ya uchimbaji ya siku zile ilikuwa na jibu la kweli: 0. Mwenye mgodi alijua, akasema.

Ukitoka Walikale ukapita Kashebere, unaingia Masisi, na huko hesabu ni nyingine. Rubaya, kwenye koltani, iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Februari 2025 ministeri ya madini ya Kinshasa iliweka migodi ya Masisi katika rangi nyekundu, njo kusema madini yake hayaruhusiwi kuuzwa. Wapimaji wa serikali hawako. Kisanduku cha Rubaya kinabaki kitupu.

Na kitupu si sifuri. Sifuri inasema: tulipima, hakukutoka kitu. Kitupu kinasema: hakuna aliyepima, ao ripoti haikufika. Kwenye karatasi karani angeandika pembeni tu, "barabara imefungwa". Lakini siku hizi namba zinatoka kompyuta moja kwenda nyingine, kutoka kwa muuzaji mpaka kwa myeyushaji, na programu zingine zikikuta kisanduku kitupu zinajiwekea 0 zenyewe. Tuseme mwezi wa kwanza ni tani 10, wa pili tani 20, wa tatu hakuna ripoti. Ukiacha wazi, wastani ni 15. Programu ikiweka 0, wastani unashuka mpaka 10, na hakuna mtu aliyedanganya!

Kumbe Rubaya haikulala. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema tani zisizopungua 150 za koltani zilivushwa kwa magendo mpaka Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko, jambo ambalo Kigali inalikana. Mnunuzi wa mbali akisoma 0 kwa Masisi anadhani mgodi umefungwa, na hana sababu ya kuuliza mali ya jirani imeongezeka vipi.

Dawa ya kiufundi iko. XML, lugha ambayo biashara nyingi zinatumia kutumiana data, ina alama yake ya kuonyesha kwamba thamani haipo. Shida ni kwamba alama peke yake haitoi sababu: hakukuchimbwa, hakukupimwa, ao ripoti ilikwama njiani? Wanunuzi njo wenye nguvu ya kudai sababu hiyo iandikwe katika mkataba, kabla franga hazijatoka.