Alama ya Tangi Isiseme Uongo



Juma hili twajibu barua iliyotufikia kutoka Kabambare. Kijana mmoja atueleza kwamba marehemu baba yake, aliyekuwa muuguzi, alimwachia pikipiki ya zamani, Yamaha AG 100. Miaka mingi baba huyo aliipanda akipeleka dawa na chanjo vijijini, na njia ilipokuwa matope matupu aliishuka akaisukuma. Sasa kijana ameifufua injini, ameondoa kutu, naye yu tayari kupaka rangi. Lakini amesimama mbele ya jambo dogo: alama za tangini. Ya kulia ingali yasomeka. Ya kushoto imefutika nusu, kwani ndiko baba aliposimama kila alipoisukuma, na nguo yake ikasugua herufi hata zikaisha. Rafiki zake wamshauri akwangue zote mbili, abandike stika mpya yenye jina la pikipiki iliyo kubwa zaidi, ili siku akitaka kuiuza apate fedha nzuri. Yeye atuuliza: nifanyeje?

Tumelipokea swali hili kwa furaha, kwa maana si la kijana mmoja tu. Katika Kasongo na Kabambare pikipiki nyingi za zamani zimelala penuni na maghalani, nao vijana wengi wajaribu kuziamsha. Yafaa basi tuseme kwa utaratibu.

Tuanze na alama zenyewe. Zamani fundi aliyetaka picha juu ya chombo aliichora kwa brashi, moja baada ya moja. Katika karne ya 18 mafundi wa Ulaya walipata njia nyingine: kuchapa picha kwanza juu ya karatasi, kisha kuihamishia juu ya chombo. Mwaka 1756, mjini Liverpool katika Uingereza, John Sadler na Guy Green waliapa kwamba wao wawili, pasipo msaada wa mtu mwingine, walichapa vigae zaidi ya 1,200 katika muda wa saa 6. Baadaye viwanda vya baiskeli na pikipiki viliurithi ufundi huo wa kuhamisha picha. Wazee wetu walizijua pikipiki za Ubelgiji zilizofika Kongo wakati wa ukoloni: FN, Saroléa na Gillet, zote tatu za mji mmoja, Herstal, karibu na Liège. Kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka 1889 kwa ajili ya kutengeneza bunduki. Ndiyo sababu alama yake ya kale iliunganisha bunduki na kanyagio za baiskeli. Aliyeiona tangini alijua mara moja chombo kimetoka wapi. Alama ni kama jina la ukoo: haiongezi nguvu za mwenye jina, lakini yasema yeye ni nani.

Sasa twatoa shauri letu la kwanza: usiwe mwepesi wa kukwangua. Rangi mpya yaweza kupakwa mara kumi, lakini alama iliyotoka kiwandani ikiondolewa haitarudi. Ikiwa chuma cha tangi ni kizima na rangi ya zamani imeshika vema, lioshe kwa maji na sabuni laini, likaushe, kisha upake nta kidogo kwa kitambaa safi. Mikwaruzo itabaki, na haidhuru. Paka rangi penye kutu tu.

Lakini huenda tangi limeliwa na kutu hata halina budi kukwanguliwa. Hapo, kabla ya kushika msasa, nakili kwanza. Piga picha pande zote mbili. Weka karatasi nyembamba juu ya alama, uifuatishe kwa penseli. Pima kwa rula umbali toka alama hadi mshono wa tangi, na toka alama hadi ukingo wa chini, uandike vipimo hivyo daftarini. Usidhani kwamba upande wa kulia ni sawa na wa kushoto: mara nyingi alama huelekea mbele pande zote mbili, kwa hiyo moja si nakala ya nyingine.

Sisi wenyewe twakiri kosa letu. Miaka iliyopita tulipaka rangi tangi la pikipiki kuukuu, na kwa pupa tukabandika alama siku ya pili yake. Chini ya alama yakatokea malengelenge, kwani rangi ilikuwa bado yapumua tina yake. Tukayatoboa kwa sindano. Juma lililofuata tukajaza petroli hadi mdomoni, ikafurika, na alama ikajikunja kama ngozi iliyosogezwa motoni. Kazi ya majuma matatu ikaharibika kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Tangu siku hiyo twafuata utaratibu ufuatao.

Kwanza, rangi ikauke kabisa. Rangi ya mafuta ya kawaida yaweza kuhitaji majuma kadhaa. Sogeza pua: kama yanuka bado, haijakauka. Bonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana: kama alama ya ukucha yabaki, ngoja. Kisha futa tangi kwa maji ya sabuni, usiguse tena kwa vidole vyenye mafuta.

Pili, ijue aina ya alama uliyo nayo. Ziko za kutelezesha, ambazo picha yake imeshikwa na gundi inayoyeyuka majini. Hiyo huloweshwa katika maji ya vuguvugu kwa muda wa nusu dakika au dakika moja, hata picha ianze kusogea juu ya karatasi yake. Tangi nalo huloweshwa kidogo, ndipo picha itelezeshwe mahali pake pole pole. Ziko pia stika za plastiki zenye gundi nyuma, ambazo mafundi wa miji kama Bukavu na Goma huzikata kwa mashine. Hizo ni ngumu zaidi, lakini ukingo wake ni mnene na hushika vumbi. Ukinyunyiza maji yenye tone la sabuni juu ya tangi kabla ya kubandika, utapata nafasi ya kuisogeza stika kabla haijashika.

Kwa aina zote mbili, weka mistari ya penseli laini kwa kufuata vipimo vya daftari lako. Ukiisha kuiweka alama, kaa mbali hatua tatu uitazame, kwa maana jicho lililo karibu hudanganyika. Halafu sukuma maji na hewa kwa kipande cha mpira laini, ukianza katikati kwenda pembeni, kamwe si toka pembeni kuja katikati. Iache siku nzima.

Tatu, ifunike kwa vanishi angavu. Petroli ni adui wa kwanza wa alama, na vanishi ndiyo ngao yake. Lakini ngao hiyo hiyo yaweza kuua: vanishi ikimiminwa nyingi mara moja, tina iliyomo huikunja alama. Kwa hiyo jaribu kwanza juu ya kipande cha bati chenye rangi na alama mbovu. Kisha nyunyiza tabaka jembamba kama umande, ngoja likauke, nyunyiza la pili, na la tatu ndilo liwe zito. Usifanye kazi hii siku ya mvua, kwani unyevu wa hewa huigeuza vanishi kuwa nyeupe kama ukungu. Huku kwetu miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo inayofaa. Na kwa kuwa kiangazi kina vumbi, fanya kazi chumbani, unyunyize maji sakafuni kwanza ili vumbi litulie.

Hapa twawaonya sana wanafunzi. Vanishi inayozuia petroli vema kuliko zote ni ile ya makopo mawili, ambayo huchanganywa na dawa ya kuigandisha. Dawa hiyo ina sumu iitwayo isosayanati, nayo huweza kuleta pumu isiyopona. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii kitu. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye vifaa vya kuvuta hewa safi. Asiye navyo atumie vanishi ya kawaida, mahali penye hewa, mbali na moto, na awe mwangalifu zaidi na petroli. Alama mbovu hubandikwa tena; mapafu hayabandikwi.

Nne, ilinde kila siku. Jaza petroli kwa faneli, usifike mdomoni. Tone likianguka, lifute pale pale. Egesha kivulini, kwani jua hufifisha wekundu kabla ya rangi nyingine. Twawaona vijana wakiosha pikipiki mtoni kwa mchanga na majani makavu: kufanya hivyo ni kupiga msasa. Tumia maji mengi, sabuni laini na kitambaa. Na ukiona ukingo wa alama umeinuka hata kidogo, uubandike na kuupaka vanishi siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa twarudi kwa neno lililo zito zaidi, la stika ya pikipiki kubwa. Kijana wetu, wale marafiki wanakuita kwenye udanganyifu, ijapokuwa wacheka wanaposema. Tufikiri habari ya mnunuzi. Amesoma tangini kwamba injini ni kubwa. Siku pistoni inapochakaa, afunga safari toka Kabambare hadi Kasongo, atoa fedha za mavuno, anunua pistoni kwa kufuata jina lile. Arudi nayo, na haiingii. Nani amemla fedha zake? Wala uongo huo haudumu, kwa sababu namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu na cha injini haibanduki kwa maji ya vuguvugu. Fundi mzoefu huinama akasoma chuma. Stika huisoma baadaye. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wala hatusemi kwamba alama mpya ni kosa. Alama mpya ya aina ile ile, mahali pale pale, ni ukarabati wa haki. Uandike tu katika karatasi ya pikipiki: mwaka huu tangi limepakwa rangi, alama zimebadilishwa. Anayenunua aambiwe.

Lakini kwa pikipiki hii ya muuguzi, kama twasikilizwa, twashauri hivi. Ikiwa tangi lastahimili, paka rangi matopeo na fremu, ukaziache alama zote mbili kama zilivyo, nzima ya kulia na iliyofutika ya kushoto, chini ya nta. Herufi zile hazikuharibiwa na uzembe. Zilifutwa na nguo ya mtu aliyekuwa akisukuma chanjo matopeni ili watoto wa watu wengine wawe wazima. Watu wa vijiji vile watakapoiona pikipiki ikipita tena, wataitambua kwa upande wa kushoto.

Kwaherini, wasomaji wapenzi. Mwenye pikipiki ya zamani ghalani, kesho aifunue, aisome alama yake kabla panya hawajaimaliza.